Fahamu: ADHD si utukutu wala malezi mabaya

Mtoto akishindwa kutulia darasani, lawama huwa tayari: kadekezwa, kala peremende nyingi, au hajachapwa vya kutosha. ADHD, hali ya ubongo inayovuruga umakini na uwezo wa kujizuia, haitokani na hayo. Tafiti za mapacha zinaonyesha kuwa mchango mkubwa ni wa kurithi. Kuhusu sukari, uchambuzi uliochapishwa Marekani mwaka 1995 ulikusanya majaribio ambamo wazazi hawakujua nani kapewa sukari na nani kapewa kitu kitamu kisicho na sukari. Tabia za watoto hazikuonekana kutofautiana.

Wengine hudai ni ugonjwa wa juzijuzi, wa simu na TikTok. Lakini daktari George Still alieleza kuhusu watoto wa namna hii jijini London tangu mwaka 1902.

Kosa ninaloliona zito zaidi ni kumtafuta mvulana anayeruka madawati tu. Msichana aliyekaa kimya karibu na dirisha, daftari wazi, swali la tatu limeishia katikati, hamsumbui mwalimu, hivyo hapelekwi popote. Huyo huweza kufika utu uzima akiitwa mzembe. Na mzazi atauliza, "Mbona katuni anatazama saa mbili nzima?" Sawa, lakini shida si kukosa umakini kabisa, ni kuuelekeza unapohitajika, hasa kwenye kazi isiyovutia.

Dawa kama methilifenideti huwasaidia wengi, ila haziponyi. Kipimo cha damu nacho hakipo: mtaalamu huangalia dalili zilizoanza kabla ya miaka 12, tena zinazojitokeza zaidi ya mahali pamoja, kwa mfano nyumbani na shuleni.