Kabla ya Kutoa Nyota, Uliza Jina la Samaki

Kuanzia Diani, katika kaunti ya Kwale pwani ya kusini ya Kenya, kushuka Galu na Kinondo hadi Chale, ni vigumu kukuta mgahawa usiouza samaki. Kuna anayempaka tui la nazi na ukwaju, kuna anayemkaanga mzima na kumlaza juu ya wali, na kuna anayemchoma kwa chumvi na ndimu basi. Migahawa inayolenga wageni imeongeza na taco: vipande vya samaki vilivyokaangwa, vikafungwa ndani ya mkate mwembamba pamoja na kabichi, nyanya na mchuzi mweupe. Mlaji akishaosha mikono huchukua simu akatoa nyota, moja hadi tano, na maneno mawili matatu ya kuzieleza. Ukisoma maelezo hayo kwa makini utaona kwamba mara nyingi yanasifu upepo, mchanga mweupe, muziki na ucheshi wa wahudumu, kisha samaki anatajwa kwa neno moja: mtamu, au hakuwa mtamu. Hoja yangu ni kwamba hicho si kipimo cha chakula. Sahani ya samaki inayouzwa mwendo mfupi kutoka pale mitumbwi inapotia nanga ipimwe kwanza kwa samaki mwenyewe: ni samaki gani, alitoka majini lini, alihifadhiwaje, na mpishi alimtendea nini. Mengine yote yafuate nyuma.

Nyota hizi si mchezo, kwa sababu zinageuka pesa. Mwaka 2011 Michael Luca wa Chuo Kikuu cha Harvard alilinganisha mapato ya migahawa ya mji wa Seattle na nyota ilizopewa na wateja mtandaoni. Alikuta kwamba nyota moja zaidi iliongeza mapato ya mgahawa kwa asilimia 5 hadi 9, na faida hiyo iliiendea migahawa ya watu binafsi, si ile yenye matawi kila mahali na jina linalojulikana tayari. Migahawa mingi ya Diani na Msambweni ni ya aina hiyo ya kwanza. Mgeni aliyeshuka jana katika uwanja mdogo wa ndege wa Ukunda hamjui mtu, kwa hiyo atafuata nyota. Nyota zikienda kwa mwenye viti vizuri, pesa zitakwenda kwenye viti, na mpishi anayeamka alfajiri kuwahi samaki bora hatapata sababu ya kuendelea kuamka.

Wapo watakaosema mandhari ni sehemu ya mlo, na kwamba anayekula pwani amelipia bahari pia. Ni kweli, na hakuna anayewakataza. Mgahawa wa Ali Barbour pale Diani uko ndani ya pango la mawe ya matumbawe, anga likionekana kwa juu, na mtu ana haki kabisa ya kulilipia pango. Lakini haki hiyo haifanyi pango kuwa kitoweo. Hata Michelin, kampuni ya matairi ya Ufaransa iliyoanza kutoa nyota zake maarufu mwaka 1926, hutenganisha mambo haya mawili. Nyota yake inahusu kilichomo ndani ya sahani peke yake, na ubora wa bidhaa ndio unaotajwa mwanzo katika vigezo vyake, kabla ya ufundi wa mpishi. Uzuri wa mahali una alama zake mbali. Kwetu Kenya, Mamlaka ya Kudhibiti Utalii hupanga hoteli na migahawa kwa nyota kwa kufuata vigezo vya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na kazi hiyo ni ya lazima, maana lazima mtu akague majengo, usafi na usalama. Ila nyota ya jengo haimwambii mlaji kama changu aliyeletewa ni wa leo au wa juzi.

Nimeichagua taco makusudi, kwa sababu ndiyo sahani inayomficha samaki kuliko zote. Asili yake ni pwani ya Baja California nchini Meksiko, na mji wa Ensenada hutajwa sana katika habari zake. Marekani iliipenda zaidi baada ya Ralph Rubio kufungua kibanda chake San Diego mwaka 1983. Atakayesema kwamba chakula cha ugenini hakina haki ya kupimwa kwa kipimo cha Kwale akumbuke kwamba mahindi, pilipili na nyanya vyote vilitoka Amerika hiyo hiyo, vikavuka bahari katika karne zilizofuata safari za Wareno, na leo hakuna jiko la Msambweni lisilo navyo. Hakuna ulazima wa kuuliza kama taco ya Diani imefanana na ya Ensenada. Inayojua kutumia achari ya embe badala ya mchuzi wa chupa, au chapati nyembamba badala ya mkate wa pakiti uliokauka, haijakosea kitu. Swali ni kama samaki aliye ndani yake anastahili. Amevikwa unga, akatumbukizwa kwenye mafuta, akafunikwa kabichi, akamiminiwa mchuzi, akakamuliwa ndimu. Samaki mzima wa kuchoma hana pa kujificha: jicho lake liko wazi, ngozi iko wazi, na mlaji wa pwani atamtambua kwa umbo. Kipande cheupe ndani ya unga kinaweza kuwa chochote.

Na ndimu yenyewe ina siri. Samaki wengi wa bahari wana ndani ya nyama yao kemikali isiyo na harufu inayowasaidia kuishi katika maji ya chumvi. Samaki akifa, bakteria huibadilisha kemikali hiyo, na kinachotokea ndicho tunachokiita shombo. Asidi ya ndimu au ya ukwaju huikamata harufu hiyo isipande puani. Hairudishi siku nyuma. Samaki aliyechelewa anabaki amechelewa. Ndiyo maana anayetaka kutoa alama kwa haki anapaswa kuonja kipande kimoja kikavu kabla ya kukamua chochote. Nyama ya samaki mpya hukatika kwa matabaka yenye unyevu, na ina utamu mdogo unaobaki ulimini. Ikiwa tope, au ikiwa inavutika kama pamba, basi ama ilikaa muda mrefu, ama iligandishwa vibaya, ama ilizidishiwa moto, na ladha ya mchuzi isimfanye mlaji asamehe.

Kwa samaki kama jodari, nguru na kibua, jambo hili linavuka ladha na kuingia afya. Wakiachwa juani bila barafu, bakteria hutengeneza histamini ndani ya nyama yao, na histamini haiondoki kwa kupikwa. Mafuta yachemke yatakavyo. Mlaji huhisi mdomo unawasha, uso unakuwa mwekundu, kichwa kinagonga, naye anadhani ni pilipili, au kwamba mwili wake haupatani na samaki. Kwa hiyo barafu ndani ya mtumbwi na sanduku la baridi jikoni ni mambo ya kupewa alama, ingawa hayaonekani mezani. Mgahawa unaoweza kueleza bila kigugumizi jinsi samaki wake alivyosafiri kutoka bandarini hadi jikoni umeshapata nusu ya sifa.

Tuje kwenye jina. Menyu nyingi huandika samaki wa siku, au samaki tu, kama vile bahari ina samaki mmoja. Mwaka 2013 shirika la Oceana lilitoa matokeo ya kupima vinasaba vya sampuli 1,215 za samaki kutoka maduka na migahawa ya Marekani, na theluthi moja ilikuwa imeuzwa kwa jina lisilo lake. Hiyo ni nchi yenye wakaguzi wengi na maabara nyingi. Sijataja hili ili kumshuku mwenye mgahawa yeyote wa Diani. Nalitaja kwa sababu linaonyesha kwamba samaki akishakuwa mnofu, jina lake linategemea uaminifu wa muuzaji, na uaminifu hukua pale wateja wanapouliza. Pwani ya kusini ina utajiri wa majina: tafi, pono, changu, chewa, kolekole, nguru, fulusi, jodari. Kila mmoja ana nyama yake. Fulusi na kolekole wana mnofu mgumu unaovumilia mafuta ya moto, nao ndio hasa wa taco. Tafi ni mdogo na ana miba, lakini nyama yake ni tamu kiasi kwamba mpishi mwenye subira ya kumtoa miba anastahili kuongezewa alama kwa subira hiyo peke yake. Pono ni laini, na akikaangwa vipande vidogo huvunjika. Mchuzi wa nazi unamfaa zaidi.

Hapa linakuja pingamizi lenye uzito kuliko yote. Mwenye mgahawa atauliza: nitawezaje kuahidi jina wakati bahari haiahidi? Kusi linapovuma, takriban kuanzia Aprili hadi Septemba, bahari huchafuka, na wavuvi wengi wa mitumbwi na ngalawa hubaki ndani ya mwamba ambako wanapata tafi, pono na changu. Kaskazi likishika, kuanzia Novemba hadi Machi, maji hutulia, na wenye vyombo wanaweza kutoka nje kumfuata nguru, jodari na fulusi. Menyu iliyochapishwa rangi nne na kufunikwa plastiki haiwezi kufuata mabadiliko hayo. Lakini jibu limo ndani ya pingamizi lenyewe. Anayeuza fulusi kila siku mwaka mzima amelazimika kumtoa kwenye friza au kubadilisha samaki bila kusema. Anayeandika kwa chaki ubaoni, leo tafi, amesema ukweli wa bahari. Kipimo changu kinampa wa pili alama zaidi, hata kama tafi huyo hakupendeza kama fulusi.

Wengine watahofia kwamba kuulizauliza huku kutawafanya walaji wote wakimbilie samaki wachache wakubwa na kuwamaliza. Hofu hiyo ina msingi, kwa sababu miamba ya Diani imevuliwa kupita kiasi kwa miongo mingi. Hifadhi ya bahari ya Diani-Chale ilitangazwa rasmi mwaka 1995, wavuvi wengi wakaipinga kwa kuogopa kunyimwa riziki, na usimamizi wake haukushika mizizi. Juya, wavu unaokokotwa chini na kuzoa hata vitoto, lilipigwa marufuku na serikali mwaka 2001, na ugomvi juu yake haukuisha siku hiyo. Utafiti wa Tim McClanahan na wenzake katika miamba ya Kenya umeonyesha kwamba kikande, samaki anayewala wale viumbe wa miiba wanaochoma miguu ya waogeleaji, akimalizwa, viumbe hao huongezeka na kuitafuna miamba. Basi mlaji asiyejua jina la samaki hawezi kujua kama amekula mlinzi wa mwamba au chewa ambaye hakuwahi kuzaa. Ni kutojua kunakomaliza samaki. Anayejua anaweza kusifu tafi wa kusi, na kumpunguzia alama mpishi aliyeweka mezani chewa wa kiganja kimoja.

Kipimo hiki kina tokeo moja ambalo wenye migahawa mikubwa hawatalifurahia. Kinamwingiza mama karanga kwenye mashindano. Mama karanga ni yule mwanamke anayenunua samaki wadogo bandarini, Mwaepe au Mkunguni au kwingine, akawapara, akawatia chumvi na bizari, akawakaanga na kuwauza siku ile ile kando ya njia. Samaki wakubwa huchukuliwa na matajiri wanaouzia hoteli, naye hubakiwa na wale ambao wengine hawakuwataka. Hana friza ya kumlaza samaki, kwa hiyo anachouza jioni mara nyingi kilikuwa majini asubuhi. Hatapata nyota ya kiti maana hana kiti. Lakini kwa jina la samaki, kwa siku ya kuvuliwa na kwa ufundi wa moto, anaweza kuishinda sahani yenye bei mara nyingi ya yake, na mwandishi wa maoni ya chakula anayempita bila kuonja ameacha kazi yake nusu. Atakayesema usafi wa barabarani unatia shaka amesema jambo la kweli, na usafi upimwe: rangi ya mafuta, maji ya kunawia, kifuniko dhidi ya nzi. Upimwe kwake kama unavyopimwa hotelini, ambako jiko liko nyuma ya ukuta na mlaji halioni kabisa.

Ningegawa alama kumi hivi. Tano ni za samaki: jina lake kusemwa wazi, upya wake, ukubwa unaostahili kuvuliwa, na kufaa kwake kwa pishi lililochaguliwa. Tatu ni za moto na mkono wa mpishi, yaani mafuta yasiyochoka, unga mwembamba, nyama iliyoiva bila kukauka. Mbili ni za vilivyomzunguka, mkate, achari, kachumbari na mchuzi. Mandhari na huduma vielezwe kwa maneno, kwa sababu msomaji anahitaji kuvijua, lakini visiguse hesabu. Na ladha ya mtu binafsi? Ipo, na haiwezi kuondolewa. Apendaye ukwaju mwingi na apendaye kidogo hawatapatana kamwe. Ila hao wawili, wakiuliza swali moja kabla ya kula, yaani samaki alivuliwa lini, watapatana kwamba samaki alikuwa mpya au hakuwa. Mhudumu asiyejua jibu hana kosa. Aende jikoni akaulize. Mpishi naye asipojua, mlaji ameshapata la kuandika.