Kikulacho ki Nguoni Mwako: Virusi na Figo ya Kupandikizwa

Tarehe 23 Desemba 1954, mjini Boston, Marekani, daktari Joseph Murray na wenzake walitoa figo ya mtu mmoja na kuipandikiza katika mwili wa pacha wake. Kwa kuwa ndugu hao walitokana na yai moja, mwili wa mgonjwa haukuiona figo hiyo kuwa ngeni.

Wagonjwa walio wengi hawana pacha wa namna hiyo. Mfumo wa kinga huitambua figo ya mtu mwingine kuwa ni kitu kigeni, nao huishambulia kama ushambuliavyo vijidudu. Ndiyo sababu mpokeaji hana budi kunywa dawa za kupunguza nguvu za kinga, mathalani takrolimasi, muda wote figo hiyo ifanyapo kazi. Hapo ndipo shida inapozuka: askari waliozuiwa wasiishambulie figo hushindwa pia kupambana na virusi.

Kirusi kinachohofiwa sana ni saitomegalovirusi. Huenea kwa mate, maziwa ya mama na damu. Katika nchi nyingi za Afrika karibu watu wazima wote wanacho, mara nyingi tangu utotoni, bila ya kujua. Kirusi hicho hakitoki mwilini. Hujificha ndani ya seli huku kinga ikikidhibiti. Kinga ilegeapo, huamka na kuleta homa, maradhi ya utumbo au ya mapafu, na huweza kuhatarisha figo yenyewe. Kweli, kikulacho ki nguoni mwako.

Je, kirusi hicho huzuiwaje? Kazi huanza kabla ya upasuaji. Damu ya mtoaji na ya mpokeaji hupimwa. Hatari huwa kubwa zaidi mtoaji anapokuwa na kirusi na mpokeaji hajapata kuambukizwa, kwani kinga yake haimjui adui huyo. Chanjo pia hutolewa mapema. Zile zenye virusi hai vilivyodhoofishwa, kama ya surua, kwa kawaida hazitolewi baada ya kupandikizwa.

Baada ya upasuaji mgonjwa hupewa valigansikloviri, dawa inayozuia kirusi kisizaliane. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 uliwachunguza wapokeaji 326 wenye hatari kubwa. Katika mwaka wa kwanza, miongoni mwa waliotumia dawa kwa siku 100, takriban 37 katika kila 100 waliugua; miongoni mwa walioitumia kwa siku 200, waliugua takriban 16 tu. Hata hivyo, dawa hiyo huweza kupunguza chembe nyeupe za damu, hivyo damu haina budi kupimwa mara kwa mara.

Kirusi kingine, kiitwacho BK, hakina dawa mahsusi iliyothibitishwa. Kikigunduliwa mapema katika damu, daktari hupunguza dawa za kudhoofisha kinga. Akizipunguza mno, mwili utaikataa figo. Asipozipunguza, kirusi kitaiharibu.

Tanzania ilianza kupandikiza figo mwaka 2017, katika Hospitali ya Taifa Muhimbili. Kisu cha mpasuaji hukamilisha kazi yake kwa saa chache. Kazi ya maabara, ya mfamasia na ya mgonjwa mwenyewe huendelea kwa miaka yote figo hiyo idumupo.