Unataka Kuduf Mpararo Chania Wikendi Hii? Soma Hii Kwanza

Jua la Thika likianza kuchoma, mbogi ya Kamenu huwa na fom moja tu: mto. Hakuna kiingilio, hakuna wa kukuuliza kama umebeba kosti. Unavua, unaruka, imeisha hiyo. Tumekulia huko. Na mathe hakuhitaji ripota. Alikuwa anakukwaruza mkono na ukucha, akiona alama nyeupe anajua ulikuwa unaduf, kiboko kinashuka.

Lakini kuna siku ilibaki kidogo turudi kejani tukiwa tumepungua mmoja.

Tulikuwa darasa la saba. Mbingu safi, hata wingu hakuna. Chania ilikuwa ya magoti tu, so beshte yetu mmoja akavuka akakalia jiwe katikati ya mto. Punde si punde maji yakageuka rangi ya chai ya maziwa, yakaanza kubeba majani na vijiti, na lile jiwe likaanza kupotea. Tulimvuta na tawi refu akilia. Nguo zake zilienda. Alirudi mtaa amejifunga sweta yangu kiunoni.

Sasa, maji yalitoka wapi na mvua haikuwa imenyesha? Juu. Chania inatoka milima ya Nyandarua, na mto haujali kama Thika kuna jua. Mvua ikinyesha huko, maji yanakufikia baadaye ukiwa umeanika mgongo. Septemba 2019, kule Hell's Gate, Naivasha, maji ya ghafla yaliwapata watalii ndani ya korongo, na watu 7 wakapoteza maisha. Korongo si Chania, lakini hesabu ni ile ile.

Kwa hivyo angalia vitu vitatu: rangi ikibadilika, vijiti na takataka zikianza kupita, sauti ya mto ikiongezeka. Ukiona hata moja, toka. Usingoje kumalizia video.

Ya pili ni maporomoko. Chini ya maporomoko maji yamejaa hewa, ndio maana unaona povu jeupe. Povu halikubebi kama maji ya kawaida, hata kama wewe ni samaki. Halafu maji huzunguka chini na kukurudisha pale pale yanapoangukia. Kwa hivyo Chania Falls na Thika Falls, pale Blue Posts, ile hoteli ya tangu 1908, ni za macho na selfi.

Na Fourteen Falls? Panda mat ya Garissa Road mpaka Kilimambogo, uende uone, ni pasafi kwa picha. Lakini huo ni Mto Athi, na Mto Nairobi unaingia humo na uchafu wote wa jiji. Utaona vijana wa hapo wakijirusha kutoka juu ndio watalii wawatoe kitu kidogo. Usiwaige. Wao wanajua kila jiwe, wewe umekuja jana.

Kama lazima uduf, uliza kwanza wenye huchota maji na kufua hapo. Wanajua penye shimo. Ingia na miguu, usianze na kichwa, na usipite kifua. Ukiwa umekunywa, kaa kando ulinde nguo za wengine.

Msee akianza kuzama, usimrukie. Atakushika shingo na mtaenda wote. Mrushie kamba, tawi, ama mtungi mtupu wa lita 20 wenye kifuniko. Ukibebwa wewe, lala chali, miguu itangulie, usogee polepole upande wa ukingo. Usipigane na mto, utachoka kabla yake.

Yule beshte yetu siku hizi ni baba wa watoto wawili. Bado tunaenda Chania, lakini yeye huwa haingii. Hukaa ukingoni akiangalia upande wa juu, maji yanakotoka. Kila mbogi inafaa iwe na mtu kama huyo.