Mama asiyesikia mtoto akilia

Mtoto ana miezi mitano na nusu, na analia. Kilio chake si kile cha njaa ambacho kila aliyewahi kulea anakifahamu, kile cha kudai, chenye vituo vifupi ambapo mtoto hutega sikio kama kuna mtu anakuja. Huyu haiti mtu. Amepakatwa na mama yake mzazi, lakini hamgeukii ili apate faraja. Analia tu. Mama naye anajaribu kidogo kumbembeleza, kwa mikono isiyo na moyo, macho yakiwa mbali, kisha anaacha. Mtoto anaendelea kupiga mayowe. Dakika tano nzima ziko kwenye mkanda wa video, na katika dakika hizo tano hakuna anayemfikia mwenzake.

Wataalamu waliourekodi mkanda huo, wa mradi mmoja wa Chuo Kikuu cha Michigan, mjini Ann Arbor, waliutazama na kuurudia. Kilichowakaa rohoni hakikuwa kelele za mtoto. Ni kwamba mama alionekana kama hasikii. Masikio yake ni mazima. Hakumpiga mtoto, hakumfokea. Mtu mwingine angeandika kwenye faili neno moja, "mzembe", akaendelea na kazi. Wao wakaandika swali: kwa nini mama huyu hawezi kusikia kilio cha mwanawe?

Nilikutana na kisa hiki wakati nikitafuta maelezo juu ya sonona inayowapata akina mama baada ya kujifungua, na tangu hapo hakijanitoka. Kimo katika makala ya mwaka 1975 iliyoandikwa na Selma Fraiberg pamoja na wenzake wawili, Edna Adelson na Vivian Shapiro, katika jarida la Marekani la magonjwa ya akili ya watoto. Kichwa chake kinataja mizimu iliyoingia chumba cha mtoto mchanga. Mizimu hiyo haitoki kaburini. Ni machungu ya utotoni ya mzazi mwenyewe, yale aliyoyazika zamani, ambayo yanarudi siku anapopakata mtoto wake na kumfanya amtendee, bila kujua, yale aliyotendewa yeye.

Fraiberg alizaliwa Detroit mwaka 1918. Alisomea kazi ya ustawi wa jamii kabla ya kuingia katika fani iliyoasisiwa na Sigmund Freud, ile inayoshikilia kwamba sehemu kubwa ya nafsi imezama tusikoiona, na kwamba dalili za ugonjwa wa akili huwa na maana ambayo mgonjwa mwenyewe haijui. Wakati huo tiba hiyo ilijulikana kwa kochi, kwa wagonjwa wenye fedha, kwa miaka ya mazungumzo. Fraiberg aliichukua akaipeleka kwa watoto ambao hawajajua kusema hata neno moja, katika nyumba ambazo kodi ya mwezi ilikuwa tatizo.

Kabla ya mizimu, alikuwa ametumia miaka mingi na watoto waliozaliwa vipofu, na naamini huko ndiko sikio lake lilikonolewa. Mtoto kipofu hamkazii mama macho. Tabasamu lake huja mara chache, na mara nyingi linahitaji sauti au mguso wa kuliamsha. Uso wake unaweza kuonekana umepoa, kana kwamba hakuna kinachomgusa. Mama anatafuta jibu usoni, halipati, na taratibu anaanza kumsemesha mtoto kidogo kidogo, kumbeba kidogo kidogo. Fraiberg alikiri kwamba hata yeye na wenzake, watafiti wenye vyeti, walijikuta wakikosa maneno mbele ya watoto hao. Jibu alilipata kwenye filamu zake, pale alipoacha kuutazama uso akatazama mikono. Uso umetulia tuli, lakini vidole vinapapasa, vinatafuta mkono wa mama, vinashika kitu na kukisikitikia kinapoondoka. Akaanza kuwaonyesha akina mama: mtazame hapa, si pale. Mama aliyejifunza kusoma vidole alianza tena kuzungumza na mwanawe, kwa sababu sasa alikuwa anajibiwa.

Basi mwanamke huyo ndiye aliyeletewa yule mtoto wa mkanda wa video, anayeitwa Mary kwenye makala, na mama yake. Majina si yao. Nitamwita Mama Mary, kwa kuwa ndivyo angeitwa kwetu.

Mama Mary alikuwa ameomba mtoto aasiliwe na familia nyingine. Baba yake mtoto hakukubali. Daktari wa akili alimwona, akathibitisha kwamba ana sonona nzito. Yeye mwenyewe hakutaka kabisa kurudi katika ofisi ya daktari kusimulia mambo yake. Timu ikaona kwamba ikisubiri mama awe tayari kupanda ngazi za kliniki, mtoto atapotea. Mary hakuwa akitabasamu ila kwa nadra, sauti za kuchezea mdomoni zilikuwa chache, na alikuwa tayari amejifunza kutomtarajia mtu. Edna Adelson akaenda nyumbani kwao. Wakaketi jikoni.

Tiba ya jikoni, ndivyo walivyoiita, na ningependa msomaji ajaribu kuiona. Hakuna kochi wala dawati. Mtoto yupo hapo hapo, si kama kisingizio cha mazungumzo bali kama mgonjwa wa pili. Fraiberg alimhesabu mtoto mchanga kuwa mgonjwa asiyeweza kujisemea, na akasisitiza awepo kila kikao, kwa sababu yale yanayopita kati yake na mama ndiyo yanayoonyesha wapi kidonda kilipo. Mama anasimulia utoto wake kwa sauti iliyokauka. Mama yake aliugua akili baada ya kumzaa yeye, akajaribu kujiua, akaharibika, akawa mtu wa hospitali. Mtoto akabaki mikononi mwa ndugu, shangazi kwanza, baadaye bibi, katika umaskini na katika nyumba ambamo hakuhisi kuwa wa mtu. Anasimulia hayo, na pembeni Mary anaanza kulia, na mama haachi kusimulia wala hageuki.

Hapo ndipo kila mmoja wetu angeruka. Angalau mimi ningeruka. Ningemnyanyua mtoto, ningemwambia mama, "Dada, mtoto analia." Mitaani kwetu hata abiria wa daladala asiyekujua atakuambia umnyonyeshe. Lakini Fraiberg na wenzake walishafikia dhana nyingine: mama huyu hasikii kilio cha mtoto kwa sababu ameziba masikio asisikie kilio chake mwenyewe, kile cha mtoto aliyeachwa zamani. Kukifungulia mlango kimoja ni kuvifungulia vyote viwili, na hicho cha kwanza kinatisha. Kumkaripia kungemthibitishia tu kwamba yeye ni mama mbaya. Kumpokonya mtoto na kumbembeleza vizuri kuliko yeye kungemthibitishia hivyo hivyo, kwa upole zaidi. Kilichobaki ni kukisikiliza kile kilio cha kwanza.

Adelson alisikiliza. Mama aliposema jambo la kutisha kwa sauti ya kawaida, yeye alilipa jina: ilikuwa inauma, mtoto mdogo asingeweza kubeba hilo, ungehitaji mtu wa kukushika. Haikuwa nasaha, wala somo la malezi. Polepole Mama Mary akaanza kulia, na mambo yaliyokuwa orodha ya matukio yakawa huzuni. Kisha likatokea jambo ambalo nilipolisoma nililazimika kufunga ukurasa kwanza. Katikati ya kulia kwake, bila kuambiwa na mtu, mama alimwokota Mary, akamkumbatia kwa nguvu, akaanza kumwimbia kwa sauti iliyovunjika. Likatokea tena kikao kilichofuata, na tena. Hakuna aliyemfundisha kumbeba mtoto. Miezi haikuwa mingi kabla Mary hajaanza kumgeukia mama yake akitafuta kufarijiwa, na kumtabasamia yeye kuliko wengine.

Kazi haikuishia hapo. Iliendelea karibu miaka miwili, na ilikuwa na siku za kurudi nyuma. Ila mtoto alikuwa ametoka hatarini.

Kutokana na Mary na wengine waliomfuata, Fraiberg aliuliza swali ambalo kila mwenye ndugu aliyepigwa utotoni amewahi kulizungusha kichwani. Kwa nini mmoja anakuwa mzazi mkatili na mwingine, wa tumbo lile lile, anaapa kwamba wanawe hawataonja alichoonja yeye, na kweli hawaonji? Jibu lake halikuwa kwamba wa kwanza amesahau. Katika makala hiyo hiyo yupo Annie, msichana wa miaka 16 mwenye mtoto wa kiume wa miezi mitatu na nusu, ambaye alikuwa akiogopa hata kumgusa. Annie alikumbuka kipigo cha baba yake wa kambo, na aliweza kukieleza. Kilichokosekana ni maumivu yenyewe. Alikumbuka mkono unaopiga, hakukumbuka hofu ya aliyepigwa. Fraiberg anasema hapo ndipo penye tofauti. Mtoto asiye na pa kukimbilia hujiunga na mwenye nguvu ndani ya nafsi yake, kwa kuwa kuwa mpigaji kunatisha kidogo kuliko kuwa mpigwaji, na hisia za yule mdogo huzikwa. Mzazi anayeweza kurudi na kuhisi woga ule, aibu ile, upweke ule, anakuwa na sababu ya kumkinga mwanawe. Mzazi aliyebakiwa na matukio matupu hana.

Naliona jibu hili kuwa la huruma na la kutisha kwa pamoja. Ni la huruma kwa sababu halimfungi mtu kwenye historia yake. Ni la kutisha kwa sababu linataka tumwambie aliyenusurika kwa kutohisi kwamba sasa ahisi. Fraiberg hakulificha hilo. Alijua kwamba msichana kama Annie anaweza kumkimbia mtaalamu wake mara tu maumivu yanaposogea, na kwamba wakati mama anakimbia, mtoto yuko naye humo ndani.

Msomaji wa kwetu atakuwa na swali lingine, nami ninalo. Mama Mary alilelewa na shangazi na bibi. Wangapi kati yetu tulilelewa hivyo hivyo tukatoka salama? Haiwezekani kidonda kiwe bibi. Bahati nzuri, mmoja wa watu walioweka msingi wa elimu ya mtoto kushikamana na mlezi alianzia kazi hiyo jirani hapa. Mary Ainsworth alifika Kampala mwaka 1954 akiongozana na mumewe aliyeajiriwa huko, akazunguka vijiji vya Waganda akitembelea mama na watoto majumbani. Alitaka kuchunguza desturi ya kumpeleka mtoto kwa bibi anapoachishwa ziwa, akakuta imeshafifia. Badala yake akakaa sebuleni mwa watu, akatazama. Aliona watoto wenye walezi kadhaa ambao bado walikuwa na mtu wao wa kumtambaalia wakishtuka. Hesabu ya mikono iliyowabeba haikuwa ndiyo iliyowatofautisha. Kilichomvutia ni mama aliyeweza kueleza vizuri habari ndogo ndogo za mwanawe. Alichapisha kitabu chake juu ya Uganda mwaka 1967. Tukimsoma pamoja na Fraiberg, kidonda cha Mama Mary hakikuwa nyumba ya shangazi, bali kwamba katika nyumba zote hizo hakuna aliyeuliza msichana huyu analilia nini.

Fraiberg alihamia San Francisco mwaka 1979, akafariki 1981, hajaona yaliyofuata. Mwaka 1991 Peter Fonagy na wenzake wa London walichapisha utafiti wa wajawazito 100 waliohojiwa juu ya utoto wao kabla hawajajifungua. Kwa kupima namna mama anavyousimulia utoto wake, si ulikuwa mzuri au mbaya, waliweza kubashiri kwa karibu robo tatu ya watoto kama mtoto angekuwa ameshikamana naye kwa utulivu akitimiza mwaka. San Francisco nako, Alicia Lieberman na wenzake waliikuza tiba ya jikoni ikawa mfumo unaofundishwa, na mwaka 2005 wakaandika kwamba kando ya mizimu kuna malaika pia: kumbukumbu ya mtu mmoja aliyekupenda, ambayo nayo hurithishwa.

Lakini lipo jambo linalonikosesha raha, na sitaki kulipitia juu juu. Mwaka 2006 Dante Cicchetti na wenzake, wa Rochester jimboni New York, walitoa matokeo ya majaribio kwa familia ambamo watoto walikuwa wametendewa vibaya. Kundi moja la akina mama lilipata tiba iliyotokana na Fraiberg. Jingine lilipata mafunzo ya malezi: ukuaji wa mtoto, ujuzi wa ulezi, namna ya kukabili msongo, bila kuchimba utoto wa mama. La tatu likabaki na huduma za kawaida. Mwanzoni karibu hakukuwa na mtoto aliyeshikamana na mama yake kwa utulivu. Mwishoni, katika kundi la Fraiberg walikuwa asilimia 61, katika kundi la mafunzo asilimia 55, katika huduma za kawaida asilimia 2. Walipofuatiliwa mwaka mmoja baada ya tiba kwisha, kundi la Fraiberg ndilo lililoshikilia mafanikio yake zaidi.

Kwa hiyo mizimu ilihitaji kutajwa ili isirudi? Au mwaka mzima wa mtu kubisha hodi kila wiki, akaketi, akamtazama mama kama mtu, ndio uliofanya sehemu kubwa ya kazi? Makundi yote mawili yalitembelewa majumbani. Walimu wale wa malezi walikuwa wametumwa na somo la wiki mkononi, na mama aliyekuwa mbele yao alikuwa na ya kwake. Ningetoa mengi kujua walifanya nini pale mama alipoacha kusikiliza somo, akaanza kusimulia juu ya mama yake.