Mluzi Usiodanganya

Mwindaji mzoefu hamkimbizi sungura aliyetimka. Hupiga mluzi mmoja mkali, na mara nyingi sungura husimama ghafla, masikio juu, akisikiliza. Mwingine huiga kilio cha sungura aliyekamatwa ili kumvuta mbweha anayetafuta mlo. Sauti zote hizo ni mtego.

Misitu ya miombo inayoizunguka Tabora ina kiumbe anayeitwa bila hila: mlembe, ndege mdogo wa rangi ya kijivu, mwenye manyoya meupe pembeni mwa mkia. Chakula akipendacho ni nta na majana ya nyuki. Anajua pango la mti lenye nyuki liko wapi, lakini hana nguvu ya kulipasua. Shoka na moshi anavyo binadamu. Basi mlembe humjia mtu akipiga kelele, huruka mti hadi mti akimsubiri, na wakifika karibu na nyuki hunyamaza. Kunyamaza kwake ndiyo ishara ya kuanza kutazama juu.

Mwaka 2016 watafiti waliofuatana na warina asali wa Kiyao wa Niassa, kaskazini mwa Msumbiji, walionyesha kwamba mwito wa jadi wa Wayao, mtetemo wa ulimi unaomalizikia kwa mguno, uliongeza uwezekano wa kuongozwa na ndege huyo kutoka asilimia 33 hadi 66. Mwaka 2023 wakaja na jambo lililonistaajabisha zaidi. Wahadzabe, walio karibu na Ziwa Eyasi, humwita kwa mluzi wenye lahani. Mlembe wa huko aliitika mluzi wa Wahadzabe zaidi ya mara tatu ya alivyoitika mwito wa Wayao. Wa Niassa naye aliwapendelea Wayao, karibu mara mbili. Ndege huyu hulelewa na ndege wa aina nyingine, kwa hiyo hawezi kufundishwa mwito huo na wazazi wake. Yaelekea hujifunza kwa kusikia sauti za watu wa mahali pake.

Hapo ndipo wasiwasi wangu ulipo. Unyamwezi, nchi inayoizunguka Tabora, ni nchi ya asali tangu kale. Lakini miti mikubwa yenye mapango inakatwa kupisha mashamba na kukaushia tumbaku, na vijana wengi hawajui tena kumwita mlembe. Pasipo na wa kuita, ndege naye huacha kuongoza.

Kuhusu ujira wa ndege huyo, desturi hutofautiana. Wahadzabe huficha au huchoma masega yaliyobaki ili ndege abaki na njaa aendelee kuongoza. Wayao humwekea nta juu ya majani mabichi. Mimi nasimama na Wayao.

Wewe unayerina asali Sikonge au Urambo, mfundishe mwanao mwito wa babu yake, mwachie mlembe kipande cha sega, na uzime moto wako kabisa kabla hujaondoka chini ya mti.