Ngomeni: Waliokuwa Ndani ya Kuta

Hapana mtoto wa Mji wa Kale asiyeijua Ngome. Tumepita chini ya kuta zake tukienda chuoni, na siku za Idi tukielekea Makadara. Lakini tukiulizwa habari zake, hujibu kwa ufupi: Wareno waliijenga, Waarabu wakawatoa. Jibu hilo limeacha nusu ya kisa, nayo ndiyo nusu yetu.

Ujenzi ulianza mwaka 1593 kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, mhandisi Mtaliano, kwa mawe ya matumbawe ya pwani hii. Mwaka 1631 Sultani Yusuf bin Hassan, aliyepelekwa Goa angali mtoto akabatizwa Jeronimo, aliingia Ngomeni, akamuua kapteni na kuirejea dini ya baba zake. Wareno waliporudi waliitengeneza upya. Jiwe la mwaka 1635 lingali juu ya lango, likijisifu kwa Kireno.

Kisa kilicho kizito ni cha mazingiwa. Majeshi ya Oman yalifika Machi 1696 na kuizingira Ngome kwa miezi 33. Waliokimbilia ndani, wake kwa watoto, wengi walikuwa watu wa pwani. Wareno walikuwa wachache. Maradhi yakawafyeka. Kapteni alipofariki mwaka 1697, ulinzi ukashikwa na Bwana Daud wa Faza, Mswahili na Mwislamu kama sisi.

Mbona hakujiunga na Waomani? Faza na Pate zilikuwa na uhasama wa kale, na Pate ilikuwa upande wa Oman. Hivyo Waswahili walikuwako ndani na nje ya kuta. Si kisa chepesi kumsimulia mtoto, nasi hatuoni sababu ya kumficha.

Ngome ilitwaliwa Disemba 1698. Baadaye ikawa ya Wamazrui, kisha ya Sayyid Said mwaka 1837. Waingereza waliifanya jela tangu 1895 hadi 1958, na sasa ni makumbusho, iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2011. Mawimbi yaliyokuwa yakiula mwamba wa chini yamejengewa ukuta.

Mkiwapeleka watoto, waonyesheni uani misingi ya kanisa la Wareno. Wataalamu wa lugha husema kuwa igreja, yaani kanisa kwa Kireno, ndilo lililotupa neno gereza.