Umeme Ukikatika, Usifungue Kofre

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama wa nyumba,

Katika kabati ndogo ya umeme mna vitu viwili. Cha kwanza ni konteri, inayohesabu umeme unaotumia. Cha pili ni kofre, yenye fizibli au disjonkteri zinazogawa umeme nyumbani: taa upande huu, prizi upande ule, resho peke yake.

Kofre inazeeka kama kitu kingine chochote. Plastiki imekuwa nyeusi, kuna harufu ya kuungua, fizibli inakatika kila juma: hizo ni dalili kwamba wakati wa kuibadilisha umefika. Kuibadilisha ni jambo jema. Hatari iko katika namna wengi wetu tunavyoifanya kazi hiyo. Tunangoja delestaji. Mtaa ukiwa gizani, baba anasema: "Sasa hakuna umeme, lete bisibisi na tochi."

Ndugu, umeme uliokatika si umeme uliofungwa. Mtu atakayeurudisha yuko mbali. Hajui kama mikono yako iko ndani ya kofre, wala hatakuuliza. Tena, jirani mwenye grupu iliyounganishwa vibaya anaweza kusukuma umeme kwenye laini ya mtaa, ukafika kwako wakati unaona giza kila mahali.

Kazini unaijua sheria hii. Fundi hagusi mashine kwa sababu tu imesimama. Anakata umeme, anafunga kwa kadenasi, anatia ufunguo mfukoni, anapima, ndipo anagusa. Je, nyumbani kadenasi yako iko wapi?

Wengine wanasema: "Mimi ninashusha disjonkteri kubwa." Hiyo inakata umeme wa vyumba tu. Waya zinazotoka barabarani, zikapita kwenye konteri na kufika kwenye disjonkteri hiyo, zinabaki na volti 220. Na anayebadilisha kofre lazima azifungue waya hizo hizo.

UMEME UNAFANYA NINI MWILINI?

Taa ya wati 100 inakula karibu miliampea 450. Mwili unahitaji kidogo sana kuliko hapo ili uumie. Miliampea 1 unaisikia kama kuchomwa na sindano. Karibu miliampea 10, misuli inajikaza na mkono unaweza kushindwa kuachia waya. Karibu 30, pumzi inaweza kusimama. Zikizidi hapo, moyo unaweza kutetemeka ovyo bila kusukuma damu, na mtu anakufa kwa dakika chache. Ngozi yenye jasho au maji inapitisha umeme kwa urahisi zaidi. Kwa hiyo anayetoka kuoga, au anayesimama pekupeku kwenye sima yenye maji, yuko katika hatari kubwa zaidi.

KAZI IFANYWE NAMNA GANI?

1. Mwite fundi wa umeme anayejulikana. Nguvu na ujasiri haviwezi kushika mahali pa ufundi.

2. Umeme ukatwe kabla ya konteri, na watu wa kampuni ya umeme wenyewe. Usivunje mihuri ya konteri.

3. Fundi apime kila waya kabla ya kuugusa. Kwanza ajaribu kipimo chake mahali penye umeme, ajue kama kinafanya kazi.

4. Fizibli au disjonkteri ilingane na waya: ampea 10 kwa waya wa taa wa milimita mraba 1.5, ampea 16 kwa waya wa prizi wa 2.5. Usitie kipande cha waya mahali pa fizibli. Umeme ukiongezeka mara mbili, joto la waya linaongezeka mara nne. Fizibli haikatiki tena, ila ukuta unaungua watoto wakiwa wamelala.

5. Skurubu zikazwe vizuri, kwa maana waya uliolegea unapata moto.

6. Omba disjonkteri ya diferansieli ya miliampea 30, pamoja na waya wa ardhi. Hiyo inakata umeme upesi unapotoroka kupita katika mwili wa mtu.

Mama, kabati hiyo si ghala. Usiweke humo makala, petroli wala nguo. Mlango ufungwe, mkono wa mtoto usifike.

MTU AKISHIKWA NA UMEME

Usimguse kwa mkono. Kata umeme. Lakini kama ameshikwa kwenye waya za konteri, kushusha disjonkteri hakusaidii: simama juu ya kitu kikavu, mwondoe kwa mti mkavu usio na chuma. Tuma mtu mwingine aite msaada mara moja.

Kama hajibu na hapumui vizuri, mlaze chali juu ya kitu kigumu. Weka mikono miwili katikati ya kifua, bonyeza kwa nguvu hadi kishuke sentimita 5 au 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Usiache mpaka msaada ufike au apumue. Usimmwagie maji, usimzike mchangani.

Palipoungua, poza kwa maji safi yanayotiririka dakika 20, mtu akiwa mbali na umeme. Usipake mafuta wala dawa ya meno.

Hata akisimama na kusema "Niko sawa," mlete dispanseri au hospitali siku hiyo hiyo. Kidonda cha nje kinaweza kuwa kidogo kama harage, kumbe nyama ya ndani imeungua, au moyo haupigi sawasawa. Sisi tutausikiliza.

Kukaa gizani siku mbili mkimngoja fundi ni taabu. Nyumba kubaki bila baba ni taabu isiyokwisha. Ngoja fundi.